Dola Arobaini

Usilipe kwanza. Kulipa ni kukiri.
Ndivyo alivyonionya Alcide wa duka la misumari,
aliyeshinda kesi moja tu, mwaka ule wa mafuriko,
na tangu hapo hutoa ushauri bila kuombwa.

Karatasi niliikuta chini ya kipanguso, imeganda.
Nikaikausha juu ya jiko, kando ya soksi za Ferdinand.
Wino ulichuruzika, ila ile arobaini ilibaki wima.
Mtaa wa Saint-Pierre, tarehe tisa Februari, saa nane mchana.
Kosa: kupuuza kibao.

Kibao gani?

Greda la mji lilikesha likizoa theluji ya mtaa mzima,
likairundika palepale, hadi shingoni mwa nguzo,
na upepo wa ghubani ukamalizia kichwa.
Huku kwetu kaskazini mwa New Brunswick
mji hukifukia kibao chake kwa mkono wake,
kisha hukutoza wewe kwa kutokukiona.

Nikaandika barua. Ya kwanza ilijaa matusi;
Ferdinand aliitumia kuwashia kuni.
Ya pili nilijieleza mno, hata goti langu nikalitaja.
Niliyoipeleka, siku ya kumi na nne kati ya kumi na tano,
ilikuwa na vipimo tu:
rundo, mita mbili na sentimita kumi,
kwa futikamba yangu ya kushonea.

Machi wakaniita, ghorofani, juu ya maktaba,
chumba kinachonuka supu ya mtu.
Madame Haché, karani, ambaye hucheza nami karata kila Jumatano,
aliniita Bibi Ozélie Thériault, jina zima,
kana kwamba sikuwa namdai dola mbili.

Gilles Doiron, askari wa maegesho, alikaa ukingoni mwa kiti,
masikio mekundu, sijui ni baridi, sijui ni aibu.
Akatoa picha: duara jekundu, herufi iliyokatwa,
safi, inasomeka hata na kipofu.
Nikaona dola zangu zikienda.

Kisha nikavaa miwani.
Kwenye theluji, pembeni mwa duara,
palikuwa na mikwaruzo ya vidole vitano.

"Gilles," nikasema, "hiyo theluji ilijipangusa?"

Akazitazama glavu zake pale mezani
kama watoto waliomchongea.
"Niliipangusa mimi," akasema. "Ili nipate picha."
Angeweza kusema upepo.
Wengi wangesema upepo.

Madame Haché akalikata shauri kama keki:
ishirini kwangu, ishirini msamaha.
Nikalipa. Alcide akaniita msaliti,
akanipimia misumari bila kuniangalia usoni.

Aprili theluji ilisalimu amri, tena kwa shingo upande,
na asubuhi moja, nikitoka kununua mkate, nikakiona kibao kizima.
Glavu ilikuwa imepangusa nusu ya juu tu.
Chini ya duara, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kufika,
si yeye, si mimi na futikamba yangu,
kulikuwa na mshale mdogo mweusi ukielekea kushoto.

Gari langu lilikuwa kulia.

Muda wa rufaa ulikwisha kitambo.
Nikampigia Gilles, wala si kwa kudai;
nilitaka mtu wa kuona pamoja nami.
Akaja kwa miguu, tukasimama kwenye tope.
Akausoma mshale. Akavua kofia, akakuna kichwa,
akatoa daftari lake, akalamba kidole,
akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa
hadi Desemba.

"Kumi na mmoja," akasema. "Wote upande huu wa kulia."
"Na wangapi walikuja kubisha?"
"Wewe."

Akaendelea kusoma majina kwa sauti ya chini,
kama mtu anayehesabu madeni yake mwenyewe,
hadi akafika kwa mmoja akasita.

"Alcide," akasema. "Alilipa siku ileile.
Taslimu. Na akaomba risiti."